Haji Aliyebakiwa na Neno Moja

Mwaka uliopita tuliitwa Garissa kumsomea mgonjwa. Haji mmoja, mfanyabiashara wa ngamia anayejulikana sana katika soko la mifugo la mji ule, aliamka alfajiri mkono wake wa kulia umelegea na mdomo umekwenda upande. Maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja: “haa”, yaani “ndiyo” kwa Kisomali. Akiulizwa jina lake, haa. Akiulizwa wapi panamuuma, haa. Baadhi ya jamaa wakasema ni majini.

Tulikaa kando ya kitanda chake tukaanza Fatiha. Hatukufika mbali tukasikia sauti ya pili. Haji alikuwa akisoma pamoja nasi, na akaendelea hadi Amin pasi na kukwama. Kisha akataka maji. Akaielekeza birika kwa mkono wa kushoto, midomo ikahangaika, likatoka lile lile: haa. Machozi yakamlengalenga. Nasi, tuliokwenda na hukumu yetu tayari mfukoni, tuliona haya.

Bintiye ndiye aliyetufahamisha yale aliyoelezwa na daktari. Kiharusi kilikuwa kimeikata damu katika upande wa kushoto wa ubongo. Kwa watu walio wengi maneno hukaa upande huo, na upande huohuo ndio uamrishao mkono wa kulia. Kwa hivyo viwili hivyo huanguka pamoja. Maradhi haya ya kupotewa na lugha matabibu huyaita afasia. Lakini yaliyokaririwa tangu utotoni, kama sura za Qur’ani, hesabu ya moja hadi kumi, maamkizi na nyimbo, mara nyingi husalimika. Haji hakuwa na wazimu wala jini. Alijua atakalo, njia ya kulifikia neno ndiyo iliyozibwa.

Na hapa pana jambo zito. Siku chache kabla ya kufika kwetu, nduguze walimuuliza kama wauze ngamia wake. Akajibu “haa”, nao wakaanza kutafuta mnunuzi. Tukawaomba wasubiri. Mbele yao tukamuuliza, “Haji, wewe ni mwanamke?” Akasema “haa”, kisha akalipiga goti lake kwa hasira, kwa kuwa alijisikia mwenyewe. Bintiye akatoa simu, akamwonyesha picha mbili: ya soko na ya zizi la nyumbani. Haji akaweka kidole juu ya zizi. Akageuza mpangilio wa picha, akauliza tena, kidole kikarudi zizini. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ishara ya aliyefungika ulimi, ikifahamika, husimama mahali pa tamko. Ngamia hawakuuzwa.

Matibabu yenyewe yalikuwa ya subira. Mtaalamu wa tiba ya usemi alipatikana Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo, na safari kila juma haikuwezekana. Wakakutana kwa simu ya video. Mtaalamu hakijui Kisomali. Haji alikuwa na Kiswahili cha sokoni na Kiarabu cha sala, lakini ikaamuliwa waanze na lugha ya nyumbani, binti akiwa mkalimani. Akapiga picha za vitu vya nyumba ile ile, kikombe chake, msahafu wake, wajukuu zake, na chini ya kila picha akatia sauti ya mama yake ikitaja jina la kitu. Haji alisikiliza, akajaribu, akakosea, akasikiliza tena. Nusu saa asubuhi, nusu saa baada ya Asri.

Neno la kwanza lililorudi halikutoka katika picha. Wafugaji wa Kisomali huimba wanapoteka maji kisimani kuwanywesha ngamia, na jioni moja mkewe aliuanza wimbo huo. Haji akaufuata. Mtaalamu aliposikia akafurahi: tangu mwaka 1973 matabibu wa Boston, Marekani, wameandika juu ya kuyapitisha maneno katika lahani, ili mgonjwa aimbe kwanza ombi lake, kisha lahani ipunguzwe kidogo kidogo. Kuimba peke yake si kusema. Kazi ni kulitoa neno wimboni. Baada ya majuma kadhaa Haji alisema “biyo”, maji, bila kuimba, akapewa maji.

Tumesoma pia habari za mwanamke wa Kanada aliyenyamazishwa na kiharusi mwaka 2005. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitangaza kwamba vihisio 253 vilivyowekwa juu ya ubongo wake vimemwezesha kusema kupitia kompyuta, kwa sauti iliyoundwa kutokana na kanda ya harusi yake. Maradhi yake si kama ya Haji, maana maneno yalikuwamo na njia ya kuelekea kinywani ndiyo iliyokatika. Lakini enyi mama na dada zetu, zihifadhini sauti za wazee wenu.

Sikukuu iliyopita simu yetu ililia. Ilikuwa ni ujumbe wa sauti kutoka Garissa: salamu kamili, kimya kirefu, kisha jina. Halikuwa jina letu, lilikuwa la mwanawe mkubwa. Nyuma akasikika binti akicheka, “Siye, Aabo!” naye Haji akacheka, akaanza tena.