Chenso ya mjomba: kwa nini mashine ya zamani inakufa, na kwa nini bado tunaifufua

Ukipita nyuma ya soko la Katoro, mkoani Geita, asubuhi kabla jua halijawa kali, utasikia mlio mmoja usiofanana na wa pikipiki wala wa mashine ya kusaga. Ni mzito, unakatika-katika, halafu unapanda ghafla. Hiyo ni chenso ya zamani ikijaribiwa na fundi. Chini ya meza yake kuna mifupa ya mashine kama sita hivi: moja haina silinda, nyingine haina kabureta, nyingine imebaki ganda tu. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaokusanya misumeno ya zamani kama wengine wanavyokusanya stempu, wanaing'arisha na kuipanga kwenye kabati la vioo. Huku kwetu mkusanyaji ni fundi, na anakusanya ili mashine iliyokufa imtoe mwenzake hospitali.

Nilifika hapo na mjomba wangu. Chenso yake ilikuwa imenoki akiwa katikati ya gogo la mkaratusi. Ukivuta kamba ya kuwashia, haisogei hata kidogo. Mashine hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake wawili, kwa kazi ya kupasua mbao na kukata matimba, yaani ile miti inayoshikilia kuta za mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kila mtu pale kijiweni alikuwa na jibu moja: "Mzee, ulibania oili." Mjomba akaapa kwamba hakubania, tena aliongeza. Niliamua kuandika makala hii kwa sababu wote walikuwa na sababu ya kusema walichosema, na ubishi ule uliishia ndani ya silinda.

Tuanze na injini yenyewe. Chenso ina injini ya mipigo miwili, kama zile pikipiki za zamani zilizokuwa zinatoa moshi wa bluu. Haina sehemu ya kuhifadhi oili chini kama gari. Petroli ikiwa imechanganywa na oili na hewa inaingia kwanza kwenye chumba cha kranki, chini ya pistoni, inalainisha beringi na kuta, ndipo inapanda juu kuchomwa. Kwa hiyo kila tone la oili linafanya kazi mara moja tu, kisha linaungua au linatoka na moshi. Ukisahau oili, hakuna akiba.

Kiasi gani? Mashine nyingi za zamani zilitengenezwa kwa uwiano wa 1 kwa 25 kwa oili ya kawaida ya 2T. Za sasa, zikitumia oili nzuri iliyotengenezwa kwa ajili yake, hutumia 1 kwa 50. Fundi wa Katoro hana chombo cha maabara. Ana bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa. Lita moja ya petroli na sindano moja, hiyo ni 1 kwa 50. Lita moja na sindano mbili, ni 1 kwa 25. Ukinunua petroli ya chupa ya lita moja na nusu pale barabarani, sindano tatu. Hesabu imekwisha. (Oili ya gari, hasa ile iliyokwishatumika, usiweke. Haikutengenezwa ili iungue, inaacha masizi kwenye ringi na kwenye tundu la ekzosi.)

Sasa kwa nini pistoni inakaba? Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto inatanuka. Tuchukue pistoni yenye kipenyo cha milimita 58, ambayo ni saizi ya mashine kubwa za kupasua mbao. Kwa kila nyuzi 50 za joto inazozidi, kipenyo chake kinaongezeka kwa takriban milimita 0.06, karibu na unene wa unywele. Utasema unywele ni kitu gani? Lakini nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda nayo ni ndogo namna hiyohiyo. Silinda nayo inatanuka, ni kweli, ila ina mapezi nje na feni inaipuliza. Pistoni imefungiwa ndani na moto. Ikipata joto kuliko silinda, nafasi inakwisha, utando wa oili unapasuka, chuma kinagusana na chuma, kinakwaruzana na kushikana.

Fundi alifungua ekzosi, akamulika na tochi ya simu. Mikwaruzo ilikuwa upande mmoja tu, ule wa ekzosi. Upande wa pili pistoni ilikuwa nzuri. Akafungua chini, ndani ya chumba cha kranki kulikuwa na utando wa oili unaoteleza. Mashine iliyonyweshwa petroli tupu mara nyingi inakuwa kavu huko chini, na pistoni inachubuka pande nyingi. Hii haikukosa oili. Ilipata joto kupita kiasi.

Alichofanya baadaye ningependa wanafunzi wa fizikia wakione. Aliziba tundu la ekzosi na la kabureta kwa vipande vya mpira wa tairi, akaunganisha pampu ya baiskeli kwenye tundu la plagi, akasukuma hewa kidogo sana (ukizidisha unaweza kuzing'oa sili), halafu akapaka povu la sabuni pembeni ya kranki. Upande wa magneto povu likaanza kutoa mapovu. Sili ya mpira pale ilikuwa imekuwa ngumu kama plastiki. Kumbe kila pistoni ilipopanda, badala ya kuvuta mchanganyiko wote kupitia kabureta, ilikuwa inavuta hewa tupu kupitia sili iliyochoka. Hewa nyingi, petroli kidogo. Mchanganyiko wa namna hiyo unaungua kwa joto kali zaidi, na petroli ambayo ingepoza pistoni kwa kuyeyuka juu yake haipo. Dalili yake ni mashine kupanda mlio yenyewe bila kuguswa. Mjomba alikiri kwamba kwa wiki mbili ilikuwa "inalia vizuri kuliko zamani."

Na kosa lake lilikuwa dogo, tena la nia njema. Aliposikia mashine inachemka, akaongeza oili. Lakini tundu la kabureta linapitisha kimiminika kiasi kilekile. Ukiongeza oili, umepunguza petroli, na ule upungufu wa petroli uliotoka kwenye sili ukazidi. Alikuwa anamwagia mgonjwa wa homa maji ya moto.

Pistoni na ringi zilipatikana kutoka kwenye mashine nyingine chini ya meza. Sili mbili mpya zikaletwa na basi kutoka Mwanza. Kiwambo cha kabureta, kile kingozi chembamba cha mpira, nacho kikabadilishwa. Hicho kiwambo kina historia yake. Misumeno ya mwanzo ilikuwa na kabureta yenye boya ndani kama ya pikipiki, kwa hiyo ukiilaza ubavuni inazima. Andreas Stihl wa Ujerumani alitoa msumeno wa umeme mwaka 1926 na wa petroli mwaka 1929, mashine nzito za kubebwa na watu wawili. Kabureta ya kiwambo, isiyojali mashine imesimama au imelala, ndiyo iliyomwezesha mtu mmoja kukata mti uliosimama na kisha kuupasua ukiwa chini.

Cheni yenyewe tunaidai kwa mdudu. Mwaka 1946 Joseph Cox, mkata miti wa Oregon nchini Marekani, alimwona funza wa mbawakawa akitafuna mbao kushoto na kulia kwa taya zake, bila kujali nyuzi za mti zinaelekea wapi. Akatengeneza meno ya cheni yanayopishana kushoto na kulia, na ndiyo tunayoyanoa mpaka leo. Kwa wanaopasua mbao kuna siri moja ya tupa: ukikata gogo kwa kulikatiza, jino linolewe kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Ukilipasua kwa urefu, punguza hadi 10. Pembe kubwa kwenye kupasua inaivuta cheni pembeni na mbao inatoka imepinda. Na miti ya Shinyanga inashika mchanga kwenye magamba, ukianza kukata bila kuparua gamba, makali yamekwenda.

Hapa ndipo ninapogombana na wanaosema mashine za zamani ni bora, nukta. Kwa nguvu, sawa. Zinazunguka polepole kidogo kuliko za sasa lakini hazichoki kwenye mninga wenye baa ndefu. Ila piga hesabu: cheni ya inchi 0.404 yenye gia ya meno 7, injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, meno yanakwenda takriban mita 17 kwa sekunde, yaani kilomita 60 kwa saa. Ncha ya juu ya baa ikigusa kitu, nguvu hiyo inaurudisha msumeno usoni kwako kabla hujapepesa jicho. Mashine nyingi za miaka ya 1960 hazina breki ya cheni. Hakuna fundi wa kuiongeza.

Halafu kuna mtetemo. Mashine zisizo na springi wala mpira kati ya injini na mishikio zinapeleka mtikisiko wote mkononi. Ulaya kikomo cha siku ya kazi ya saa 8 ni mita 5 kwa sekunde ya mraba. Mashine ikitetema kwa 10, kikomo hicho kinafikiwa ndani ya saa 2, si 4, kwa sababu muda unapungua kwa mraba. Ikitetema kwa 20, ni nusu saa. Kwenye nchi za baridi wakataji waliugua "vidole vyeupe", damu inakataa kufika kwenye ncha. Tafiti za nchi za joto kama Vietnam na Malaysia zimeonyesha kwamba huko weupe hauonekani sana. Kinachokuja ni ganzi na kuchomachoma usiku. Kwa hiyo mtu wa Geita anaweza kuumia miaka mingi na asione chochote cha kumwonyesha daktari.

Nilimuuliza mjomba tukisubiri mashine. "Mjomba, vidole vinakufa ganzi?"

"Usiku tu, mpwa wangu. Ni uzee."

Ana miaka 51. Wakati anavaa shati asubuhi ile, mkewe ndiye aliyemfungia vifungo, na nilidhani ni mapenzi.

Mashine iliwaka kwa mvuto wa tatu. Fundi akaiacha ilie taratibu, akageuza skrubu ya kabureta robo mzunguko, akasikiliza, akarudisha kidogo. Tulikubaliana na mjomba mambo mawili: akate tangi moja la petroli, kisha kijana wake ashike tangi linalofuata, na mimi nimpeleke hospitali ya mkoa akapimwe mikono. La kwanza ameanza. La pili anasema tusubiri mvua iishe.