SKRINI MBILI, PICHA MOJA



Viwanda vingi siku hizi vina chumba cha kuongozea mitambo. Humo mwenzetu hukaa mbele ya skrini mbili au tatu za kompyuta zilizopangwa bega kwa bega, na mchoro mmoja wa mtambo umetandazwa juu ya zote. Bomba huanzia skrini ya kushoto na kuishia ya kulia. Mchoro usipokutana vizuri mpakani, jicho hufuata bomba lisilo lake na mkono hufunga vali isiyo yake. Likitokea la kutokea, wa kwanza kuulizwa ni mfanyakazi. Kwa hiyo inafaa tujue jambo hili.

Picha ya kompyuta imejengwa kwa nukta ndogo za mwanga. Kompyuta huhesabu nukta, haihesabu sentimita. Chukua skrini mbili, kila moja ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Moja ni ya inchi 24, nyingine ya inchi 27. Nukta ni sawa, lakini ya kwanza ina kimo cha karibu sentimita 30 na ya pili karibu 34. Ukilinganisha kingo za juu, mstari wa katikati utashuka karibu sentimita 2 ukiingia skrini kubwa. Ukilinganisha katikati, juu na chini vitapishana. Dawa ya kweli ni skrini za aina moja na ukubwa mmoja.

Zikishapatikana, fanyeni hivi:

1. Zipangeni mezani kingo za juu zilingane. Tumieni pima maji.

2. Katika mipangilio ya kompyuta, kila skrini huonekana kama kisanduku chenye namba. Sogezeni visanduku vikae kama skrini zilivyo mezani. Kimoja kikiwa juu ya mwenzake, picha itaruka na mshale utakwama mpakani.

3. Kila skrini itumie nukta zake zote, na ukuzaji uwe mmoja: asilimia 100 kwa zote, au 125 kwa zote.

4. Linganisheni mwangaza na rangi, ili nyekundu ya hatari iwe nyekundu kila mahali.

Sasa kuna fremu. Fremu mbili za sentimita 1 zikikutana, katikati kuna sentimita 2 nyeusi. Fundi anaweza kuipanga kompyuta ionyeshe picha kana kwamba inapita nyuma ya fremu, kama mandhari nyuma ya nondo za dirisha. Mstari wa mshazari hunyooka na picha hupendeza. Lakini kilicho nyuma ya fremu hakionekani. Kwa picha ya pambo si kitu. Kwa kipimo cha maji ya boila ni hatari. Namba na taa za hatari zikae nzima ndani ya skrini moja, mbali na mpaka.

Mkataba Na. 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unataka wafanyakazi na wawakilishi wao wapewe mafunzo ya kufaa kuhusu usalama na afya kazini. Basi skrini mpya zikifungwa, anayezitazama zamu nzima aitwe kabla fundi hajaondoka. Mkiona kasoro, iandikeni katika kitabu cha zamu pamoja na tarehe na saa, na nakala apewe mwakilishi wa chama. Neno la mdomo husahauliwa. Lililoandikwa litamtetea mwenzenu siku ya kuulizwa.