Uvimbe wa taya usiouma usiupuuze

MSOMAJI, hebu pitisha kidole polepole kando ya taya lako la chini, kuanzia kidevuni hadi karibu na sikio. Sasa fanya hivyo upande wa pili. Je, pande zote mbili ni sawa? Ukigusa uvimbe mgumu usiouma, usiseme ni jino tu na litatulia lenyewe.

Kuna uvimbe uitwao ameloblastoma. Si saratani, lakini hauna adabu. Huota kutokana na mabaki ya chembechembe zilizohusika na utengenezaji wa meno ulipokuwa mtoto. Takriban visa vinane kati ya kumi hutokea taya la chini, aghalabu kwenye magego ya nyuma, na hapa Afrika wengi wa wanaougua ni vijana kuliko wagonjwa wa Ulaya.

Kwa vile hauumi, mtu hukaa nao miaka. Mke huona shavu la mumewe limejaa akadhani ameanza kunenepa! Jino hulegea, hung'olewa, na uvimbe ukabaki pale pale ukila mfupa. Eksirei ikipigwa, taya huonekana kama lina mapovu ya sabuni.

Taabu kubwa ni kwamba uvimbe huu hurudi. Ukikwanguliwa tu, aina yake ya kawaida humrudia mgonjwa mara nyingi, hata baada ya miaka kumi. Ndiyo maana wapasuaji wengi hukata kipande cha taya pamoja na mfupa mzima kiasi cha sentimita moja au mbili, kisha huziba pengo kwa bamba la chuma au mfupa wa mguuni. Mwambie hayo msichana anayekaribia kuolewa, uone uso wake.

Je, daktari angeweza kujua mapema ni uvimbe upi utakaorudi? Hapo ndipo watafiti wanapohangaika na seli shina. Fikiria mgomba. Unaukata leo, lakini kitunguu chake kikibaki ardhini, chipukizi hutokeza. Inashukiwa kwamba baadhi ya chembechembe za uvimbe hufanya kazi ya kitunguu hicho, na zinatambulika kwa protini zilizomo.

Mojawapo ya protini hizo ni SOX2. Mwaka wa 2006 mwanasayansi Shinya Yamanaka wa Japani aliitumia pamoja na nyingine tatu kurudisha chembechembe za kawaida za panya katika hali ya uchanga, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2012 pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Katika maabara, kipande chembamba cha uvimbe hutiwa kingamwili na rangi, na penye protini hiyo hugeuka kahawia chini ya hadubini. SOX2 imeonekana kwa wingi zaidi katika saratani inayofanana na ameloblastoma kuliko katika ameloblastoma yenyewe. OCT4 na CD44 pia zinachunguzwa.

Hata hivyo, usiende kliniki ukidai kupimwa SOX2. Utafiti mwingi umefanywa kwa wagonjwa wachache, na kwa maoni yangu bado ni mapema mno kuamua kiasi cha taya la kukatwa kwa kutazama rangi hiyo.

Jambo lililokaribia zaidi kumfaa mgonjwa liligunduliwa mwaka wa 2014: wengi wenye uvimbe huu wana hitilafu katika jeni iitwayo BRAF. Vidonge vinavyoilenga vimewahi kupunguza uvimbe wa baadhi ya wagonjwa, ingawa bei yake si ya mfuko wa mwananchi wa kawaida.

Kwa sasa, hakikisha kipande kilichotolewa kinywani mwako kimepelekwa maabara, wala hakikutupwa. Omba karatasi ya majibu uiweke pamoja na picha za eksirei. Baada ya upasuaji rudi kila mwaka kupigwa picha nyingine, hata kama unatafuna mahindi choma bila shida.