Matumizi ya mafuta baada ya kuweka injini ya dizeli katika lori la zamani

Kuweka injini ya dizeli katika lori la zamani ni kazi ya kutoa injini ya petroli iliyokuja na lori au pikapu na kufunga mahali pake injini ya dizeli, ambayo mara nyingi imetolewa katika gari lingine. Sababu inayotajwa zaidi ni kupunguza matumizi ya mafuta. Ni kweli kwamba injini ya dizeli hutumia mafuta machache kuliko ya petroli kwa kazi ileile. Hata hivyo, kiasi kinachookolewa hutegemea pia giaboksi, difu, tairi, mwendo na mzigo. Kwa sababu hiyo malori mawili yenye injini ya aina moja yanaweza kutofautiana sana katika ulaji wa mafuta.

Historia

Kazi hii inajulikana hasa Marekani. Pikapu nyingi zilizotengenezwa huko katika miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na kabureta na injini kubwa za petroli zenye silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V. Ujazo wa injini hizo mara nyingi ulikuwa kati ya lita 5 na 7. Petroli ilikuwa rahisi, hivyo ulaji wa mafuta haukuwasumbua wanunuzi wengi.

Hali ilibadilika baada ya misukosuko ya mafuta ya mwaka 1973 na 1979. General Motors ilileta injini ya dizeli ya lita 6.2 kwa modeli za mwaka 1982. Ford ilifuata kwa modeli za 1983 na injini ya lita 6.9 iliyotengenezwa na International Harvester. Dodge iliweka injini ya Cummins ya lita 5.9 katika pikapu zake za Ram za modeli ya 1989.

Injini za Cummins za mfululizo wa B zimetumiwa sana katika ubadilishaji. Zile za mwanzo ni za aina mbili: 4BT yenye silinda 4 na ujazo wa lita 3.9, na 6BT yenye silinda 6 na ujazo wa lita 5.9. Zilifungwa katika mashine za shamba, mitambo ya ujenzi na magari ya kusambaza mikate na vifurushi. Magari hayo yalipochakaa bodi, injini zake mara nyingi zilikuwa bado nzima, zikauzwa kama vipuri. Mafundi walizipenda pia kwa sababu pampu yake ya mafuta huendeshwa na gia na haihitaji kompyuta, hivyo kuziunganisha na waya za gari la zamani si kazi ngumu.

Kwa nini dizeli hutumia mafuta machache

Kuna sababu nne kuu.

1. Mgandamizo mkubwa. Injini ya dizeli hugandamiza hewa mpaka ipate joto la kutosha kuwasha mafuta bila plagi. Uwiano wa mgandamizo kwa kawaida ni kati ya 14:1 na 22:1. Injini za petroli za Marekani za miaka ya 1970 nyingi zilikuwa karibu na 8:1. Kadiri uwiano unavyokuwa mkubwa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto la mafuta inavyogeuka kuwa kazi.

2. Hewa haizibwi. Katika injini ya petroli, dereva anapopunguza aksileta, kibamba kilicho katika njia ya hewa hufunga. Pistoni hulazimika kuvuta hewa kupitia upenyo mdogo, na kazi hiyo hupotea bure. Injini ya dizeli huvuta hewa bila kuzuiwa, na nguvu yake hupunguzwa kwa kupunguza mafuta tu. Kwa hiyo tofauti kati ya injini hizi mbili ni kubwa zaidi lori linapotembea tupu au linaponguruma bila kwenda, na hupungua linapopanda mlima na mzigo mzito.

3. Mwendo wa polepole wa injini. Dizeli ya lori hutoa nguvu kubwa ya kuzungusha katika mizunguko michache. Kwa mfano, 6BT ya pikapu za Dodge za mwaka 1989 ilikuwa na nguvu za farasi 160 tu, lakini nguvu yake ya kuzungusha ilikuwa takriban Nm 540, na kilele chake kilikuwa kwenye mizunguko isiyofikia 2,000 kwa dakika. Injini inayozunguka polepole hupoteza nguvu kidogo kwa msuguano.

4. Uzito wa mafuta yenyewe. Lita moja ya dizeli ina nishati nyingi kuliko lita moja ya petroli, kwa takriban asilimia 10 hadi 15. Kwa maana hiyo sehemu ya faida inayoonekana kwenye pampu haitokani na ubora wa injini, bali na mafuta yaliyo mazito zaidi.

Giaboksi, difu na tairi

Hapa ndipo matumaini ya wamiliki wengi hupotelea. Dizeli za lori za zamani hufikia kikomo cha kuzunguka mapema, mara nyingi kati ya mizunguko 2,500 na 2,800 kwa dakika. Lori la petroli lilipangiwa gia kwa injini inayoweza kuzunguka kasi zaidi ya hapo. Difu yake ikiachwa ilivyo, dizeli hulazimika kukimbia karibu na kikomo chake kila wakati kwenye barabara kuu, na mafuta huisha haraka.

Idadi ya mizunguko huweza kukokotolewa. Tuseme mzingo wa tairi ni mita 2.5. Katika kasi ya kilomita 100 kwa saa, lori huenda mita 1,667 kwa dakika, na tairi huzunguka mara 667. Idadi hiyo huzidishwa kwa uwiano wa difu na wa gia ya juu:

- Difu ya 4.10 na gia ya juu ya 1.00: mizunguko takriban 2,730 kwa dakika.
- Difu ya 3.54 na gia ya juu ya 1.00: mizunguko takriban 2,360.
- Difu ya 4.10 na gia ya tano ya 0.75: mizunguko takriban 2,050.

Katika hali ya kwanza injini iko ukingoni. Katika hali ya tatu injini iko mahali inapofanya kazi vizuri, na lori bado lina gia nzito za kuondokea na mzigo. Ndiyo maana ubadilishaji mwingi hufanywa pamoja na giaboksi yenye gia ya tano, au pamoja na difu nyingine. Kwenda mbali zaidi ya hapo pia ni hasara: injini ikizunguka polepole mno hubanwa na mzigo, hutoa moshi mweusi na kupata joto.

Uzito na upepo

Injini ya dizeli ni nzito. 6BT ina uzito wa takriban kilogramu 500, wakati injini nyingi za petroli za V8 za pikapu zilikuwa kati ya kilogramu 250 na 330. Uzito huo uko mbele, hivyo springi za mbele, mauntini za injini na breki zinapaswa kuangaliwa. Katika barabara tambarare uzito huo hauongezi sana ulaji wa mafuta. Huonekana zaidi katika safari za mjini zenye kusimama na kuondoka.

Upepo ni adui mkubwa zaidi. Bodi za malori ya zamani ni kama sanduku, na nguvu ya upepo unaozuia gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Kutoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa, kizuizi hicho huongezeka kwa asilimia 44. Hakuna injini inayoweza kukiondoa.

Kupima matumizi

Njia ya kuaminika ni kujaza tanki mpaka juu, kuandika kilomita, kuendesha gari, kisha kujaza tena kwenye kituo kilekile na kugawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Tanki moja halitoshi. Wastani wa matanki kadhaa hutoa jibu la kweli zaidi.

Kosa la kawaida hutoka kwenye kihesabu cha kilomita. Katika malori mengi ya zamani kihesabu huendeshwa na waya unaotoka kwenye giaboksi. Difu ikibadilishwa kutoka 4.10 hadi 3.54 bila kurekebisha gia ya waya huo, kihesabu huonyesha kilomita 86 kwa kila kilomita 100 za kweli. Mwenye lori hudhani linakula mafuta kuliko linavyokula. Tairi kubwa zaidi huleta kosa la namna hiyohiyo. Kipimo kabla na baada ya kubadilisha injini hakina maana kama kihesabu hakijahakikiwa, kwa mfano kwa nguzo za kilomita za barabarani au kwa GPS.

Je, gharama hurudi?

Watu wengi hulinganisha kilomita kwa lita, lakini takwimu hiyo inaweza kudanganya. Lori lililotoka kilomita 4 hadi 6 kwa lita limepunguza mafuta ya kilomita 100 kutoka lita 25 hadi 16.7, limeokoa lita 8.3. Gari lililotoka kilomita 8 hadi 10 kwa lita limeokoa lita 2.5 tu, ingawa nalo limeongeza kilomita 2. Faida kubwa iko kwenye gari lililokuwa likila mafuta mengi tangu mwanzo.

Ili kujua muda wa kurudisha fedha, gharama yote ya injini, giaboksi, rejeta, vipuri na fundi hugeuzwa kuwa lita za mafuta. Tuseme gharama hiyo ni sawa na bei ya lita 2,000, bei za dizeli na petroli zikiwa sawa. Lori likiokoa lita 8 kila kilomita 100, litahitaji kilomita 25,000 kurudisha fedha. Linalotembea kilomita 20,000 kwa mwaka litafika hapo baada ya miezi 15. Linalotembea kilomita 5,000 litahitaji miaka 5. Dizeli ikiwa ghali kuliko petroli, muda huo hurefuka. Kwa lori linalotoka mara chache, kurekebisha kabureta na kuongeza gia ya tano kunaweza kuwa na faida kuliko injini mpya.

Moshi na mazingira

Kutumia lita chache hakumaanishi kupunguza uchafuzi kwa kiwango kilekile. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilogramu 2.7 za hewa ya ukaa, na lita ya petroli takriban 2.3. Hivyo lita zinapaswa kupungua kwa asilimia 14 hivi kabla ya hewa hiyo kuanza kupungua. Tena dizeli za zamani hazina vichujio vya moshi, hivyo hutoa masizi na oksidi za nitrojeni nyingi. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa kansa iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu.

Usajili

Katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Tanzania, hati ya usajili wa gari huonyesha namba ya injini. Injini ikibadilishwa, taarifa hizo hazilingani tena na gari lenyewe mpaka zirekebishwe na mamlaka ya usajili. Kwa hiyo hati za ununuzi wa injini iliyotumika huhitajika kutunzwa, na gharama ya usajili huhesabiwa pamoja na gharama nyingine za kazi hiyo.