SAFARI YA VISIWANI: JE, NI ANASA AU NI SHULE?



Kila mwisho wa mwaka vikundi vyetu vya Kitale na Bungoma hukaa chini kugawana. Wengine hununua sufuria, wengine blanketi, wengine hugawana mafuta na sukari ya Krismasi. Katika kikundi kimoja cha upande wa Bungoma, mama mmoja aliinua mkono akasema, "Mimi nimechoka na sufuria. Watoto wetu wanasoma habari za bahari kwa vitabu tu. Kwa nini tusiende nao tukaione?"

Kelele zilizotokea hapo, si mnajua wenyewe! Kisha akasimama kukhu mmoja, mjane, mwanachama wa tangu mwanzo. Akaniangalia mimi, kwa sababu ndiye mgeni wa maendeleo siku hiyo. "Mwanangu," akasema, "hata mimi nimezeeka nikisikia bahari kwa redio. Lakini mbolea ya Machi tutainunua na mawimbi?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Swali lake ni la haki, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kikundi hicho kilienda hatimaye, baada ya miaka miwili ya kujiandaa, na mimi na jamaa yangu tukaenda nao. Hebu tuangalie tulikwenda wapi, tuliona nini, na kama pesa ile ilipotea ama haikupotea.

1. TULIKWENDA WAPI?

Kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania, kuna mji mdogo wa wavuvi unaoitwa Shimoni, katika Kaunti ya Kwale. Jina linatokana na mapango yaliyopo pale. Mbele yake baharini kimelala kisiwa cha Wasini, chenye urefu wa kilomita tano hivi na upana wa kilomita moja. Hakuna gari hata moja kisiwani. Mbele zaidi kuna visiwa vidogo vya Mpunguti na Kisite. Sehemu hiyo ya bahari ililindwa na serikali mwaka 1978. Kisite ni hifadhi ya taifa, kilomita 28 za mraba, na humo hakuna ruhusa ya kuvua. Mpunguti ni akiba, kilomita 11 za mraba, na wavuvi wanaruhusiwa kuvua kwa njia za kienyeji.

Kutoka Kitale au Bungoma hadi Nairobi ni karibu kilomita 400, na kutoka Nairobi hadi Mombasa karibu 480. Sehemu hii ya pili mnaweza kwenda kwa basi au kwa treni ya SGR, iliyoanza mwaka 2017. Mombasa tulivuka feri ya Likoni, ambapo anayevuka kwa miguu halipi, kisha tukapanda matatu kuelekea kusini.

Watoto tuliwapeleka kwanza ufuo wa Diani. Mchanga mweupe kama unga wa muhogo! Kule juu ya miti kuna mbega weusi wenye manyoya meupe, ndugu wa mbega tunaowajua huku Mlima Elgon. Watoto walionja maji kwanza, maana hakuna aliyeamini kwamba ni chumvi kweli.

2. VISIWA NA MIAMBA VINAFANYA KAZI GANI?

Huenda ukadhani visiwa hivi viko tu kwa ajili ya kupendeza macho. La, ni kama ukuta wa boma. Bahari Hindi ni kubwa mno, na mawimbi husafiri mbali kabla ya kufika nchi kavu. Yakikutana na mwamba wa matumbawe, yanavunjika pale na kupoteza nguvu. Ndiyo sababu ukisimama ufuoni unaona mstari mweupe wa povu mbali huko, na huku karibu maji yametulia mpaka mtoto anaweza kuoga.

Matumbawe ni nini? Mtu akiyaona anafikiri ni mawe au mimea, kumbe ni wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja kwa maelfu. Kila mmoja hujijengea kijumba cha chokaa, na vijumba vikishikana kwa miaka mingi huwa mwamba. Sikilizeni hapo, wanavikundi: mmoja peke yake hawezi kuzuia hata povu, lakini wakishikana huvunja mawimbi ya bahari.

Matumbawe yanahitaji maji ya vuguvugu na safi, yenye kupenya jua. Tope ni adui yao, na joto likizidi pia hugeuka meupe na kufa. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, matumbawe mengi sana ya Bahari Hindi ya magharibi yalikufa kwa joto. Mengine yamepona polepole, na huko Wasini wanakijiji wenyewe wamekuwa wakipanda matumbawe na nyasi za bahari, jinsi sisi tunavyopanda miche.

Ukuta wa pili ni mikoko. Hii ni miti inayoota kwenye tope la maji ya chumvi. Mizizi yake imesimama juu kama miguu ya stuli, hushika udongo usichukuliwe, na samaki wadogo na kamba hujificha humo wasiliwe na wakubwa. Ukikata mikoko leo kwa kuni na nguzo, kesho mvuvi atarudi na wavu mtupu.

3. TULIWAONA WANYAMA GANI?

Tulitoka Shimoni asubuhi kwa mashua. Kwa bahati tuliwaona pomboo, wakubwa kuliko ng'ombe wa kienyeji kwa urefu, wakiruka na kupiga mbizi karibu nasi. Kukhu alishika msalaba wa rozari yake akacheka mpaka machozi. Kule Kisite maji ni safi, unaona samaki wa rangi ya manjano, buluu na milia bila hata kuingia. Kasa mmoja aliinua kichwa, akapumua, akaenda zake. Maji yalipokupwa, fungu la mchanga lilijitokeza katikati ya bahari, na ndege wengi wakatua.

Mnyama wa porini hana saa ya kuonyesha, kwa hiyo msiwaahidi watoto kwamba lazima wataona pomboo. Na msiokote kombe wala kuvunja tumbawe kwa ukumbusho. Tukichukua kila mmoja kimoja, watakaokuja baadaye wataona nini?

4. AKINA MAMA WA WASINI

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Kisiwa cha Wasini kimejengeka juu ya matumbawe ya kale, ya wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mawe yake ni makali, udongo ni haba, na kwa miaka mingi watu walitegemea maji ya mvua yaliyotunzwa kwenye matangi. Mtu wa Trans Nzoia mwenye ekari mbili za mahindi angesema hapa hakuna mali.

Lakini akina mama wa kijiji waliunda kikundi, kama ninyi. Walitazama mawe yale na mikoko ile ambayo kila mtu aliiona haina faida, wakasimamia ujia wa mbao unaopita juu yake. Mgeni hulipa kiingilio kidogo, hutembea juu ya mbao bila kukanyaga tope, na huelezwa habari za miti. Mapato husaidia karo za watoto na mahitaji mengine ya kijiji. Mikoko ikikatwa, biashara imekufa, hivyo wenye kuilinda ni wao wenyewe.

Kijiji cha Gazi, njiani kati ya Diani na Shimoni, nacho kina jambo la kujifunza. Tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wana mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wanatunza hekta 117 za mikoko. Miti hiyo huvuta hewa chafu na kuifungia kwenye mti na kwenye tope, na watu wa nchi za nje hulipia kazi hiyo. Pesa zimesaidia mambo ya maji na shule.

Kukhu wetu hakusema mengi pale kwenye ujia wa mbao. Alimwuliza mwenyeji wetu swali moja tu: "Kitabu cha pesa kwenu anashika nani?" Wakaketi kivulini, yeye na rozari yake, mwenzake na buibui lake, wakaongea habari za vitabu, madeni na wanachama wasiohudhuria mikutano. Sisi tulisubiri karibu saa nzima. Kumbe shida za vikundi ni zile zile.

5. MKITAKA KWENDA, JIPANGENI HIVI

(a) Pesa ya safari iwe mbali na pesa ya maisha. Msiguse karo, mbolea, mfuko wa mikopo wala mfuko wa mazishi, na msikope. Kikundi kile kilifungua kitabu cha pili. Wanachama 12 waliweka shilingi 100 kila wiki. Kwa miaka miwili, yaani wiki 104, kila mmoja alikuwa na 10,400 na jumla ilikuwa 124,800. Aliyeshindwa kuendelea alirudishiwa yake bila maneno.

(b) Andikeni gharama zote kabla: nauli, malazi, chakula, ada ya hifadhi, mashua. Tengeni sehemu moja ya kumi kwa dharura. Ada za hifadhi hubadilika, kwa hiyo ulizeni KWS mapema. Malipo yao ni kwa simu kupitia eCitizen. Malazi mnaweza kuomba kwa barua kupitia parokia.

(c) Msitume pesa kwa mtu msiyemjua. Sisi tulitumia dalali mmoja arubuni ya mashua kwa simu, na mpaka leo hatujamwona. Tulilipa mara ya pili, na ndiyo mfuko wa dharura ulivyoisha. Lipeni mahali penye ofisi na mpewe risiti.

(d) Chagueni majira. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi na bahari huwa tulivu. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Likizo ya Agosti si nzuri kwa mashua na watoto.

(e) Usalama kwanza. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, hata mzee, hata anayejua kuogelea Nzoia. Mashua ikijaa, kataeni kupanda. Tukumbuke feri ya Mtongwe iliyozama tarehe 29 Aprili 1994, ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Chukueni pia chandarua, kofia, maji ya kunywa na viatu vya kukanyagia mawe.

(f) Heshimuni wenyeji. Vijiji hivi ni vya Waislamu. Vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, msibebe pombe, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha.

Je, na ambao mfuko hautoshi? Anzeni na Saiwa, karibu na Kitale. Ni mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini, kilomita tatu tu za mraba, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kwenye kinamasi. Huko pia mnatembea juu ya mbao. Mnaenda asubuhi na jioni mnalala kwenu.

6. JIBU LA SWALI LA KUKHU

Mbolea ya Machi ilinunuliwa, kwa sababu pesa yake haikuguswa. Hilo ni jibu la kwanza.

Jibu la pili alilitoa yeye mwenyewe tuliporudi. Alisimama mkutanoni akasema, "Kule watu wanalinda tope. Sisi tunalima mpaka mguu wa jembe unaingia mtoni." Ni kweli. Udongo wetu haufiki bahari ile, maana Nzoia inaingia Ziwa Victoria. Lakini kabla ya kufika ziwani inapita Budalang'i, na ndugu zetu wa Budalang'i wanajua maana ya mafuriko. Matumbawe hayako kwetu, lakini ukuta wa kingo za mto ni wetu. Kikundi kimeacha kulima ukingoni na kimepanda miti ya kienyeji na nyasi za mifugo. Mwaka wa kwanza mbuzi walikula nusu ya miche. Wamepanda tena na kuweka uzio.

Mzee mmoja wa kikundi bado anasema ng'ombe wa maziwa angekuwa bora kuliko safari. Hatubishani naye. Ng'ombe ni mali, na kikundi kinachoona hivyo kinunue ng'ombe. Ninachosema ni kwamba familia iliyokaa pamoja siku tano, baba akashika mkono wa mtoto ndani ya maji, na kikundi kilichoona wenzao maskini wakiishi kwa kulinda badala ya kukata, hawakurudi mikono mitupu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Pesa za mwisho wa mwaka tunazitumiaje? Ni nini kimebaki kutokana na mgao wa mwaka uliopita?
2. Ni kitu gani kijijini kwetu tunakiona hakina faida, kama mikoko na mawe ya Wasini?
3. Ukuta wetu ni upi: msitu, kinamasi au kingo za mto? Nani anaulinda sasa?
4. Tukipanga safari, watoto na wazee wetu watakuwa na nafasi gani ndani yake?