Samaki Wanaopatana na Wasiopatana katika Kiziba Kimoja

Wandugu wa miji iliyo karibu na migodi, hakuna mutu anayefunga chui na mbuzi katika zizi moja. Lakini watu wengi wanachimba kiziba, wanashika samaki wa namna zote mutoni, wanawatupa ndani pamoja, kiisha wanangojea. Siku ya kuvua wanakuta samaki wawili watatu wakubwa wenye meno, na wengine wote wadogo kama kidole. Hapo wanasema: kiziba kimelogwa. Kiziba hakikulogwa. Samaki hawakupatana.

Jambo hili si dogo. Katika inchi ya Kongo, mbele ya mwaka 1960, watu walichimba viziba zaidi ya 100,000. Vingi viliachwa vikaota majani. Sababu moja kubwa ni hii: samaki walizaa kupita kiasi, wakabaki wadogo, na watu wakachoka. Kazi ya jembe ikapotea bure. Basi muangalie maneno haya vizuri.

1. Samaki wa kufuga

Katika Katanga, kazi ya kujaribu samaki wa viziba ilianza miaka ya 1940 kule Kipopo, karibu na Lubumbashi, muji ulioitwa zamani Elisabethville. Namna mbili za tilapia zilifaa. Wa kwanza ni rendalli. Vitabu vya zamani vinamwita melanopleura. Yeye anakula majani: sombe, matembele, nyasi laini. Wa pili ni macrochir. Yeye anakula vitu vidogo vya kijani vinavyoota majini, na matope ya chini. Hawa wawili wanakaa pamoja vizuri, kwa sababu hawagombei chakula kimoja. Mupe wa kwanza majani. Kwa wa pili, mutie samadi kidogo kidogo, maji yapate rangi ya kijani.

2. Sababu ya kupigana

Wakati wa kuzaa, dume la macrochir anatengeneza kiota chini ya maji na kufukuza kila anayekaribia. Jike anachukua mayai mudomoni na kuyachunga humo mpaka watoto waweze kuogelea. Kwa rendalli, baba na mama wanalinda watoto pamoja, nao ni wakali.

Kama kiziba ni kidogo na samaki ni wengi, mwenye nguvu kidogo anafukuzwa kila siku. Hali chakula, mapezi yake yanakatika, ugonjwa unamushika. Dawa yake ni hii:
Mutie samaki wa ukubwa mumoja, siku moja.
Musipite samaki wawili kwa kila meta moja ya eneo. Kiziba cha meta 10 kwa meta 10 kinatosha samaki 200.
Mutupe chakula pahali pawili au patatu. Pakiwa pamoja tu, wenye nguvu watapalinda na wengine watalala njaa.

3. Samaki anayekula wenzake

Mudomo wa samaki ndio kipimo: kinachoingia ndani yake kitaliwa. Kwa hiyo mufunge mufereji wa kuingiza maji kwa wavu wenye matundu madogo, samaki wa mutoni wasiingie bila ruhusa.

Lakini kambale anaweza kuwa mufanyakazi wenu. Tilapia wanazaa sana, na kambale anapunguza wale watoto, wazazi wapate chakula na kunenepa. Mutie tilapia kwanza. Wakiisha kuanza kuzaa, mutie kambale wadogo kama kidole, kumi tu kwa kile kiziba cha samaki 200. Mukimutia kambale mukubwa, atakula mbegu yenu yote. Tena mujenge kingo juu kidogo, maana kambale anaweza kupumua hewa, na usiku wa mvua anatambaa kwenda zake.

4. Maji na majira

Musichukue maji ya muto unaopita pahali pa kuosha mawe ya shaba. Shaba ndani ya maji inaua samaki, hata kama maji yanaonekana meupe. Mutafute chemchemi, ao kijito kinachotoka upande mwingine.

Wakati wa kipwa, katika mwezi wa sita na wa saba, maji yanakuwa baridi. Samaki hawazai, wanakula kidogo. Mupunguze chakula, kisioze. Mbegu inafaa kutiwa joto linaporudi, mwezi wa tisa ao wa kumi.

5. Kuvua na kuchagua mbegu

Nyuma ya miezi sita hivi mutoe maji yote. Wakubwa ni wa kula na kuuza. Kwa mbegu mupya mujihazari: samaki mufupi si mutoto kila mara. Katika kiziba kilichojaa sana, samaki mufupi anaweza kuwa muzee aliyekosa chakula, naye ataanza kuzaa upesi. Mbegu nzuri ni watoto wa wazazi waliokua vizuri, na umri wao unajulikana.

Mama anayepika bukari anataka samaki wa kujaza sahani ya watoto. Wafanyakazi wa migodi nao wanatafuta samaki wa kununua. Kiziba chenye samaki wanaopatana kinatosha kuanza kazi hiyo. Musiongeze cha pili mpaka cha kwanza kimewalisha.