Sura ya Nne: Kuitafuta Pete ya Rujewa kwa Kompyuta

Tarehe 1 Septemba 2016, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, Jua lilibaki pete nyembamba juu ya Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Waliokusanyika pale walijua waje wapi na lini, kwa sababu wanaastronomia, akiwamo Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, walikuwa wamepiga hesabu na kutangaza mapema. Hesabu ile haihitaji darubini. Laptopu chakavu inaimaliza mara moja, na katika sura hii tutairudia wenyewe.

Chombo chetu ni PyEphem. Brandon Rhodes alichukua hesabu za programu ya XEphem, kazi ya Elwood Downey, akaziweka ndani ya lugha ya Python. Haina picha wala vitufe: unaandika amri, inakujibu kwa namba. Rhodes huyo huyo ana programu nyingine, Skyfield, iliyo sahihi zaidi, lakini hiyo hutaka kwanza upakue faili la mahali pa sayari kutoka maabara ya JPL ya NASA. Lile dogo linalotumika sana, de421, lina megabaiti kama 17. PyEphem hubeba kanuni zake tumboni na ikishaingia haidai intaneti tena. Kwa anayenunua bando la siku, mimi naona hapo hakuna mjadala.

Kwenye Ubuntu, fungua dirisha la amri uandike:

sudo apt install python3-ephem

Mwenye Windows asakinishe Python kwanza, kisha aandike pip install ephem. Amri hiyo ya pip huweza kukataliwa na Ubuntu za karibuni. Usihangaike: mfumo unailinda Python unayoitumia wenyewe, ndiyo maana nimeanza na apt.

Sasa andika python3 (kwenye Windows, python), bonyeza Enter, na uingize mistari hii:

import ephem
r = ephem.Observer()
r.lat, r.lon = '-8.7', '34.4'
r.date = '2016/9/1 08:50'
jua, mwezi = ephem.Sun(r), ephem.Moon(r)
print(ephem.separation(jua, mwezi))
print(ephem.degrees(jua.radius - mwezi.radius))

Namba ya kwanza ni umbali wa pembe kati ya kitovu cha Jua na kitovu cha Mwezi, ukitazama ukiwa Rujewa. Ya pili ni kiasi ambacho nusukipenyo cha Jua kinakizidi cha Mwezi. Siku ile Mwezi ulikuwa mbali kiasi, upana wake ukawa takriban asilimia 97 ya upana wa Jua, hivyo haukuweza kulifunika lote. Sogeza saa dakika moja moja, ukirudia mistari minne ya mwisho. Namba ya kwanza ikishuka chini ya ya pili, Mwezi mzima umeingia ndani ya Jua: hiyo ndiyo pete. Hata kule kusini mwa Tanzania ilikofikia kilele, ilidumu dakika 3 na sekunde 6 tu.

Weka sasa Iringa mjini, '-7.77' na '35.70'. Sogeza dakika upendavyo, pete haitokei. Jua linabaki limemegwa upande mmoja. Ukanda wa pete ulikuwa na upana wa kilomita 100 hivi, na Iringa ilikuwa nje yake.

Alama za mtajo zinazozunguka namba si mapambo. Ukiziondoa, PyEphem hudhani umeandika radiani badala ya nyuzi, na itakupa jibu la ovyo bila kulalamika. Ukisahau alama ya kutoa, inayomaanisha kusini, umehamia magharibi mwa Ethiopia.

Kisha kuna saa. Programu hutumia saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Wengi huongeza tatu, halafu hutoa sita ili wapate saa ya Kiswahili. Fupisha: toa tatu, basi. Programu ikisema 09:00, ni saa sita mchana. Ikisema 03:30, inabaki nusu saa, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kwa macheo, tumia r.next_rising(ephem.Sun()). Mbeya mjini iko nyuzi 2.25 magharibi ya Iringa, na kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika nne, kwa hiyo Jua hufika kilele cha mchana Iringa dakika tisa kabla ya Mbeya. Macheo yanahitaji tahadhari zaidi, maana programu hudhani upeo wa macho ni tambarare kama bahari, haina habari ya milima ya Loleza wala Uporoto. Kama milima ya upande wako inapanda nyuzi tatu hivi, iambie hivyo: r.horizon = '3'. Jua litachelewa kama linavyochelewa kwako kweli.

Kabla ya kufunga dirisha, weka tarehe 2031/5/21. Asubuhi hiyo pete nyingine itapita Angola, Kongo, Zambia na Tanzania. Anza 05:00, yaani saa mbili asubuhi, songa dakika tano tano hadi 06:30, na ukiona namba zinakaribiana punguza iwe dakika moja moja. Ingiza Mbeya, Iringa, kisha kijijini kwenu.